Miaka 9 nafundisha shule ya kimataifa ya Kikristo: bendera zote tunazijua, majina ya watoto je?

Mwalimu wa Sirari (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni.

Humu mimi ni msomaji zaidi, kuandika ni mara mojamoja. Lakini kuna jambo nimelibeba kifuani tangu Siku ya Mataifa ya shuleni kwetu, wiki mbili zimepita sasa, na nimeona nilishushe hapa. Ni refu. Nitalileta kwa vipande.

Nafundisha Kiswahili katika shule moja ya kimataifa ya Kikristo hapa Dar. Jina lake naliacha, maana nitasema mazuri yake na nitasema pia tulipokosea, na katika waliokosea mimi nimo. Darasa langu la sita lina watoto 19. Wapo wa wamisionari, wa watumishi wa balozi, wa wafanyabiashara wa Kihindi waliozaliwa hapahapa Upanga, wa Watanzania wenye uwezo, na wachache ambao wazazi wao ni wafanyakazi wa shule wanaopunguziwa ada. Wakorea, Waholanzi, Wanigeria, Waethiopia, Wamarekani, Wakongo. Asubuhi tunaanza kwa sala, na ukifumba macho ukasikiliza zile "amina" zinavyotoka, unajua nani kasimama wapi.

Siku ya Mataifa kwa wasioijua: asubuhi watoto wanazunguka uwanja na bendera, kila mmoja na vazi la kwao. Kisha meza za vyakula zinafunuliwa. Wakorea na kimbap, Waethiopia na injera, watu wa Kerala na appam zao ambazo mama wa Kitanga akizionja atakuambia hivi ni vibibi vilivyopotea njia. Wanigeria na ule wali mwekundu. Sisi na pilau, mishikaki na ndizi nyama. Mkuu wa shule anasoma Ufunuo 7:9, ule umati usiohesabika wa kila taifa, na kabila, na jamaa, na lugha. Ni siku nzuri. Naipenda kwa moyo wote, na mtu asidhani nimekuja kuisema vibaya.

Mwaka huu nilipangiwa kukaa karibu na kipaza sauti. Mtangazaji alikuwa anaita majina ya watoto wanaoingia uwanjani, mimi natazama nyuso. Mtoto anasikia jina lake limevunjwavunjwa, anatabasamu kidogo, anatembea. Linalofuata vilevile. Kisha likaitwa jina moja, na binti aliyekuwa mbele ya mstari akageuka nyuma kuangalia anaitwa nani.

Alikuwa anaitwa yeye.

Bendera yake ilikuwa imepigwa pasi vizuri. Gauni lake la kwao lilikuwa limeshonwa kwa mwezi mzima. Tuliandaa kila kitu chake isipokuwa jina.

Inaendelea.

---

MamaPacha_Tegeta

Nimekaa mkao wa kusoma mwalimu. Wanangu wanasoma shule ya aina hiyo. Endelea.

---

Nyamagana Juu

Tuko pamoja mkuu. Usichelewe.

---

Mwalimu wa Sirari (mleta uzi)

Kipande cha pili, na hiki ndicho kinaniuma kuliko vyote kwa sababu mkosaji ni mimi.

Miaka minne iliyopita nilipokea kijana kutoka Addis Ababa. Majina nabadilisha, ila mpangilio ndio huohuo. Tuseme yeye ni Dawit, baba yake Tesfaye, babu yake Bekele. Waethiopia hawana jina la ukoo. Mtoto ana jina lake, linafuata la baba, linafuata la babu, basi. Sasa fomu yetu ya usajili ina visanduku viwili, na aliyejaza kwenye kompyuta akayageuza, la baba likakaa mbele. Orodha ikanijia mezani. Nikaita "Tesfaye", kijana akaitika "naam mwalimu".

Muhula mzima akaitika. Nilimsifia kwa jina hilo, nikamkemea kwa jina hilo, nikaliandika kwenye madaftari yake kwa kalamu nyekundu. Siku ya wazazi baba yake akaja, mtu mpole, suti ya kijivu. Nikamwambia kwa furaha, "Tesfaye ni kijana mzuri sana, ana bidii." Yule baba akaniangalia kwa muda, akasema taratibu, "Tesfaye ni mimi, mwalimu. Mwanangu ni Dawit."

Kijana alikuwa amesimama pale, anaangalia viatu vyake. Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akajibu kwamba kwao mtoto hamsahihishi mwalimu.

Wakuu, mimi ni Mtanzania. Ukienda NIDA unaandika jina lako, la baba, la babu. Wengi wetu humu hatuna jina la ukoo hata kidogo, tunatembea na majina ya baba zetu mgongoni kama Dawit. Mtu wa Ulaya akikosea hapo nitamwelewa. Mimi ningeuliza swali moja tu siku ya kwanza.

Kuna jambo lingine la kijana huyohuyo. Jumatano na Ijumaa alikuwa hali chakula cha shule. Anachukua mkate na ndizi, anakaa pembeni. Tukadhani ni mteuzi wa chakula. Aliyegundua ni mama mmoja wa jikoni, Mnyaturu wa Singida, Mkatoliki, ambaye hajawahi kukaa kwenye kikao chochote cha walimu. Alimfuata kijana akamuuliza kwa Kiswahili, kijana akamjibu kwa Kiswahili nilichomfundisha, kile cha kuungaunga: "Leo mimi funga. Nyama hapana, maziwa hapana, yai hapana."

Wenzetu wa Othodoksi ya Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, isipokuwa siku 50 baada ya Pasaka. Ukristo wao uliingia ufalme wa Aksum karne ya 4. Na hapo shuleni palikuwa na mtoto aliyemwambia Dawit kwamba Krismasi ya tarehe 7 Januari si Krismasi ya kweli.

Yule mama hakuitisha mkutano. Jumatano iliyofuata alitoa maharage kwenye sufuria kabla ya kutia siagi, akayaunga kwa mafuta, kitunguu, nyanya na bizari, akayafunika kwa sahani juu ya kabati. Dawit alipofika dirishani akamwambia, "Ya kwako hii, baba." Akafanya hivyo mwezi mzima bila sisi kujua. Nilikuja kujua siku nilipotaka kuyala mimi.

Someni Matendo 6. Ugomvi wa kwanza wa kanisa lile changa unaosimuliwa baina ya watu wa lugha mbili ulikuwa wa chakula. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Wakachaguliwa watu saba kusimamia, na ukisoma majina yao, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao, ni majina ya Kiyunani yote. Kazi ikapewa majina ya upande uliosahauliwa. Nimeisoma sura hiyo tangu nikiwa shule ya Jumapili Tarime, lakini nimeielewa kwenye dirisha la jikoni.

---

Kaka Mkubwa wa Mbagala

Mwalimu, uzi wako ni mzuri na nakuheshimu, ila niseme la moyoni. Ada ya shule hizo kwa mwaka mmoja naweza kumaliza nyumba. Watoto wa balozi, wa mashirika, wa matajiri, halafu tunasema wana utofauti. Pasipoti ni tofauti, mfuko ni mmoja. Mtoto wangu anasoma darasa lenye watoto zaidi ya 100, Wamakonde, Wazaramo, Wasukuma, Wachaga, Waislamu na Wakristo, wanakaa dawati moja wanne. Huko ndiko kuna mataifa. Mbona hamwiti hiyo Siku ya Mataifa?

---

Mwalimu wa Sirari (mleta uzi)

Kaka Mkubwa, umesema kweli na sina la kupinga. Mimi mwenyewe nimetoka kwenye madawati hayo. Ndiyo maana nimekuja kusemea humu badala ya kubaki nayo ofisini, kwa sababu hili la majina na la kuchekana si la shule za ada kubwa peke yake. Ngoja nilete kipande cha tatu, utaona.

Mimi ni Mkurya. Mwaka 1996 nilipelekwa bweni mkoa wa mbali, shule siitaji. Kikurya hakina L kama ya Kiswahili, kina R. Nyumbani hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hilo ni kosa. Wiki ya kwanza mwalimu akaniambia nisimame nisome, na sentensi ilikuwa na neno "kulala". Mnajua nilisemaje. Darasa zima likalala chini kwa kicheko, na mwalimu akacheka nao. Kuanzia siku hiyo jina langu likawa "Kurara". Kidato cha kwanza na cha pili chote sikunyoosha mkono tena. Majibu nilikuwa nayo, nilikuwa nayaandika tu.

Sasa ruka hadi mwaka jana. Darasa la sita, kipindi baada ya mapumziko ya saa nne. Binti wa Kikorea, mtoto wa wamisionari (na tukumbuke, Korea Kusini ni moja ya nchi zinazotuma wamisionari wengi zaidi duniani, mmisionari si Mzungu peke yake siku hizi), anasoma kifungu: "Baba anataka kula." Ikatoka "Baba anataka kura."

Watoto wa Kitanzania ndio waliocheka. Sio Waholanzi, sio Wamarekani, maana hao hawakusikia tofauti. Wetu ndio waliosikia baba anaomba kura, na mmoja akapiga meza akasema "mgombea huyo!"

Nilimwona yule binti anafunga kitabu. Nakijua kile kitabu kinavyofungwa.

Sikugomba. Niliwaambia wafungue Waamuzi 12. Wagileadi wamekaa kwenye vivuko vya Yordani, na kila anayetaka kuvuka anaambiwa aseme "Shibolethi". Mtu wa Efraimu hawezi, anasema "Sibolethi". Wanamkamata, wanamwua palepale kivukoni. Biblia inataja hesabu ya waliokufa: 42,000. Na hao walikuwa ndugu, wote wana wa Israeli, wanaomba kwa Mungu mmoja. Kisha nikawaambia jina langu la bweni. Nilikuwa sijawahi kulitamka mbele ya mwanafunzi yeyote kwa miaka yote ile. Darasa likatulia ukasikia feni.

Yule aliyepiga meza akasema, "Mwalimu, nilikuwa namtania tu."

Hapo nikamkalisha vizuri, kwa sababu utani ni jambo letu na lina heshima yake. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mtani anaweza kuingia msibani kwako akajitupa kaburini akasema hatoki mpaka alipwe, na hakuna wa kumgusa, lakini huyohuyo ndiye anayechota maji, anayechimba, anayekuliwaza. Na wewe zamu yako ikifika unamrudishia. Utani unakwenda na kurudi, na wote wawili wanajua ni watani. Ukimcheka mtu ambaye hana namna ya kukurudishia, na msiba wake huuhudhurii, hiyo ni dhihaka. Nikamuuliza: yeye anaweza kukurudishia kwa lugha gani? Akainamisha kichwa. Ni mtoto mwema yule, alikuwa hajawahi kuulizwa.

---

MamaPacha_Tegeta

Mwalimu umeniliza. Na mimi ni Mhaya, hayo ya R na L yananihusu. Binti alifanyaje?

---

Mwalimu wa Sirari (mleta uzi)

Dada, hapo ndipo penye utamu wenyewe.

Kesho yake alikuja mezani kwangu kabla ya kengele na karatasi. Alikuwa ameandika neno moja kwa maandishi yao, Hanguli, yale aliyoyabuni mfalme Sejong mwaka 1443 na kuyatangaza 1446 ili watu wa kawaida nao waweze kusoma. Akaniambia, "Mwalimu, hii ni Kilimanjaro."

Wana herufi moja inayofanana na tarakimu ya 2 iliyopigwa kona. Ikikaa peke yake katikati ya irabu inatoka kama R yetu laini. Ikifunga silabi, inatoka L. Sasa wao wakitaka L katikati ya irabu wanaiandika mara mbili, moja inafunga silabi ya kwanza, ya pili inafungua inayofuata. Kwa hiyo kwao Kilimanjaro ni Kil-li-man-ja-ro. Kwenye "li" herufi mbili, kwenye "ro" moja. Neno moja lina zote mbili, na yeye alikuwa analitamka bila shida tangu yuko Seoul!

Akasema, "Nikifikiria mbili, naweza. Kul-la. Kula." Ikatoka L safi kabisa.

Akaenda ubaoni mwenyewe, hakuniuliza. Akawachorea wenzake. Waholanzi wakataka kujua jina lao linaandikwaje. Yule kijana wa "mgombea" alinyoosha mkono wa kwanza, akasema, "Na langu?" Akaandikiwa, akalinakili nyuma ya daftari, bado liko. Mwisho wa kipindi binti akanigeukia akaniuliza kama Wakurya wana herufi yao. Nikasema hatuna, tunatumia hizihizi, ila ningekuwa na rafiki kama yeye mwaka 1996 ningenyoosha mkono.

---

Wanjiru wa Lari

Hujambo mwalimu, salamu kutoka Kenya. Sisi tumekua tukiitazama Rift Valley Academy pale Kijabe, ilianzishwa 1906 kwa ajili ya watoto wa wamisionari, na jiwe la msingi la jengo la Kiambogo liliwekwa na Theodore Roosevelt mwaka 1909. Ukipita huko leo utaona wanafunzi wa mataifa mengi, Wakorea wakiwemo, na Waafrika ambao wazazi wao ndio wamisionari sasa. Miaka zaidi ya 100 imefanya kazi yake.

Lakini nilitaka kuongeza kuhusu lugha. Shule ya msingi niliyosoma mimi, siyo hiyo, ilikuwa na diski. Kipande cha mbao cha kuvaa shingoni ukipatikana ukisema Kikuyu. Ulikuwa unakaa nacho mpaka umsikie mwenzako akiteleza, ndipo umvishe yeye. Kwa hivyo tulijifunza kusikilizana kwa nia ya kunasana. Mpaka leo nikisikia mtu amekosea neno, kitu ndani yangu huruka, kama bado natafuta wa kumvisha. Nimekuwa nikijiuliza kama kuna mtoto anaweza kufunzwa kumsikiliza mwenzake kwa nia nyingine. Umenijibu na hiyo Kilimanjaro.

---

Mwalimu wa Sirari (mleta uzi)

Wanjiru, asante sana. Hilo la "kusikilizana kwa nia ya kunasana" nimeliandika kwenye daftari langu.

Na ndilo linanirudisha Pentekoste. Matendo 2 ina orodha ndefu, Waparthi na Wamedi na Waelami, watu wa Mesopotamia, Kapadokia, Misri, Krete, Waarabu. Roho Mtakatifu angeweza kuwafanya wote waelewe lugha moja siku ile, ingekuwa rahisi zaidi. Kilichotokea ni kwamba wale Wagalilaya ndio walionena, na kila mgeni akasikia lugha ya kwao alikozaliwa. Aliyebadilika kinywa ni mwenyeji. Tumezoea kudai mgeni ndiye abadilishe.

---

Bukavu Nyumbani

Mimi niko mtu wa Bukavu. Nilipofikaka Dar mwaka 2011 watu walikuwa wanacheka Kiswahili yangu. Nikisema "niko nafanya", wanacheka. Nikisema "mambo mingi", wanacheka. Mpaka nikazoea kunyamaza dukani, naonyesha kidole. Hii ni lugha mama wangu aliniimbia nayo, sikujua kama ni ya kuchekesha. Mwalimu, hao Wakongo darasani mwako, unawasahihishaje? Niko nauliza na heshima.

---

Mwalimu wa Sirari (mleta uzi)

Ndugu yangu, karibu sana, na pole.

Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha kwa kalamu nyekundu kama wengine. Sasa nafanya hivi: kwenye insha ya mtihani nawaambia hiki ndicho Kiswahili kinachotahiniwa, tujifunze. Kwenye mazungumzo sigusi. Na nimewapa kazi ya kulifundisha darasa maneno ya Kivu. Wiki hiyo watoto wa Upanga walikuwa wanasema "aksanti" na "niko nakuja" uwanja mzima. Kiswahili chako ni Kiswahili. Usinyooshe kidole tena dukani.

---

Dereva Makini

Mwalimu mimi sina elimu kubwa ila ni dereva wa basi la shule kama hiyo yenu, mwaka wa kumi na mbili. Watoto wengi ni wazuri hawana neno. Ila wananiita "driver". Miaka kumi na mbili. Kuna mmoja tu, Mkorea, mdogo wa darasa la pili. Akishuka lazima ageuke, ananipa mkono wa kulia huku wa kushoto ameshika kiwiko chake, anainama, anasema "shikamoo" halafu jina langu. Siku ya kwanza nilishindwa hata kuitikia marahaba. Nikamuuliza mama yake, akasema kwao mkubwa hapewi kitu kwa mkono mmoja. Nikamwambia hata kwetu Usukumani. Sasa mama yule kila tukionana tunasalimiana kwa mikono miwili na hatuna lugha ya pamoja zaidi ya hiyo.

---

Kaka Mkubwa wa Mbagala

Dereva, hiyo komenti yako imezidi uzi. Mwalimu sijabadilisha msimamo kuhusu ada, ila nimekuelewa. Mwanangu kahamia juzi kutoka Newala, wenzake wanamcheka lafudhi. Kesho naenda shuleni kuongea na mwalimu wake kwa upole.

---

Mwalimu wa Sirari (mleta uzi)

Kaka Mkubwa, nenda ndugu yangu. Na mwambie mwalimu amwombe mtoto afundishe darasa salamu za Kimakonde. Usiende na lawama peke yake, nenda na kazi ya kufanya.

Dereva, umenipa cha kupeleka kwenye kikao. Mlinzi wa getini kwetu anajua jina la kila mtoto na gari la kila mzazi. Nilipowauliza darasa langu jina lake, watoto 14 kati ya 19 walisema "Askari". Hilo ni letu sisi watu wazima, kwa sababu hata kwenye vikao tunasema "mwambieni askari afungue". Watoto wanaokota tunachodondosha.

Nimalizie tulichobadilisha, maana kulalamika bila kufanya hakuna faida. Wiki mbili za kwanza za mwaka sifundishi sarufi. Kila siku watoto wawili wanafundisha majina yao. Anasimama, anasema jina polepole mara tatu, darasa linarudia mpaka yeye mwenyewe aridhike. Si mimi wa kuridhika, ni yeye. Halafu anasema maana yake na nani alimpa. Hapo ndipo tulipojua kwamba jina la ukoo la Kikorea linaloandikwa Choi linatamkwa karibu na "Chwe", na tulikuwa tumelikosea shule nzima. Mtoto wa Kiyoruba alituambia jina lake linabadilika maana sauti ikipanda au ikishuka, tukahangaika nalo dakika kumi, akacheka, tukacheka naye. Binti mmoja Mnyakyusa alisema kapewa jina la bibi yake na hapendi kuitwa kifupi chake, ila alikuwa hajawahi kusema. Mtoto ambaye baba ni Mholanzi, mama Mpare, kazaliwa Nairobi, yeye kila Siku ya Mataifa hulia kwa sababu hajui abebe bendera ipi. Kwenye majina hakulia. Ana majina manne, yote ni yake, akayafundisha yote.

Baada ya lile tukio la kipaza sauti nimemwomba mkuu wa shule kwamba mwakani majina yaitwe na watoto wenyewe, kila mmoja amwite rafiki yake aliyejifunza jina lake. Amekubali. Na mama wa jikoni, mlinzi na madereva nao wataitwa, kwa majina.

Sasa naomba msaada wenu, ndio sababu nyingine ya kuja. Jumatatu napokea mtoto kutoka Vietnam. Jina la ukoo ni Nguyen. Nimesikia Waingereza wakilitamka kila mtu na lake. Kuna anayejua?

---

Nyamagana Juu

Mkuu, hilo niachie mimi. Nilifanya kazi miaka mitatu na Wavietnam. Hiyo NG ya mwanzo ni ng' yetu ya ng'ombe, Wazungu hawana mwanzoni mwa neno ndiyo maana wanahangaika. Halafu ina W ndani yake. Yaani ni ng'w, ile yetu ya Kisukuma, kama unavyosema ng'wana. Anza kama unasema ng'wana, halafu malizia "-ien" kwa pumzi moja: ng'wien. Sauti yake inapanda na kushuka, hiyo atakufundisha mwenyewe. Wao walinishangaa nilipoitamka siku ya kwanza, wakadhani nimeshakaa Hanoi.

---

Mwalimu wa Sirari (mleta uzi)

Ng'wana. Ng'wien. Ng'wien.

Nimejaribu mara kama ishirini, nyumbani wanauliza naongea na nani. Nitaenda kumsubiri getini mapema Jumatatu, pamoja na mlinzi. Yeye ni Msukuma wa Magu, kasema hiyo ng'w hahitaji kufundishwa.